Sauti Ngeni, Neno la Kiswahili: Utamaduni Pendwa wa Asia na Wasikilizaji wa Songea

Utangulizi

Mtazamaji wa sinema nchini Tanzania anapomtaja stelingi, hazungumzii fedha ya Uingereza. Anamtaja mhusika mkuu wa picha: yule anayeonewa mwanzoni, anayepigana katikati, na ambaye, kwa kanuni inayojulikana hata na watoto, hafi. Neno lenyewe lilitoka katika Kiingereza. Hata hivyo, stelingi wengi waliolizoesha masikioni mwa watazamaji walikuwa Wahindi wa Bombay na Wachina wa Hong Kong. Neno moja la mitaani limebeba historia ya mabara matatu, na historia hiyo bado haijapewa nafasi inayostahili katika taaluma ya Kiswahili.

Mhadhara huu unachunguza namna utamaduni pendwa uliotengenezwa Asia ulivyopokewa na wasemaji wa Kiswahili, na namna tafiti za wanazuoni wa Asia kuhusu utamaduni wao zinavyoweza kuwafaa watafiti wa Afrika Mashariki. Istilahi ya utamaduni pendwa inatumika hapa kwa maana ya sanaa na burudani zinazopendwa na watu wengi na kuuzwa kwao: nyimbo, picha za sinema, tamthilia, mavazi yenye maandishi. Viwanda vya utamaduni ni kampuni, studio na mitandao ya biashara inayozalisha na kusambaza vitu hivyo.

Swali la msingi ni hili: bidhaa ya utamaduni kutoka Asia inapofika kwa wasemaji wa Kiswahili, ni nani anayetia neno ndani yake? Hoja inayotetewa ni kwamba, kwa takribani miaka mia moja, watu wa Afrika Mashariki hawakuwa wapokeaji wakimya. Mashine, nguo na filamu vilitoka mbali. Neno lilitiwa na wao wenyewe. Katika miongo ya karibuni mamlaka ya kulitia neno hilo yameanza kuhama, na kumbukumbu ya waliokuwa nayo inapotea.

Songea imechaguliwa kwa makusudi. Tafiti nyingi za sinema, taarabu na muziki zimefanyika Unguja, Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi. Songea haiko pwani, haina reli, na kwa barabara iko zaidi ya kilomita 900 kutoka Dar es Salaam. Nadharia inayotaka kueleza upokezi wa utamaduni pendwa nchini Tanzania haina budi kupimwa katika mji wa namna hiyo.

Funzo kutoka Asia

Dhana ya kiwanda cha utamaduni ilienezwa na wanafalsafa wa Kijerumani, Theodor Adorno na Max Horkheimer, katika miaka ya 1940. Kwao, burudani inayozalishwa kwa wingi humlaza mtu usingizi: hununua alichoandaliwa na kudhani amechagua. Mtazamo huo ulikuwa na nguvu kwa muda mrefu, na mwangwi wake unasikika hata leo kila mara vijana wa Tanzania wanapolaumiwa kwa kuiga mambo ya kigeni.

Wanazuoni wa Asia waliuhoji mtazamo huo kwa kuangalia yaliyotokea katika nchi zao. Mwaka 2000 lilianzishwa jarida la Inter-Asia Cultural Studies, lililowakutanisha watafiti wa Taiwan, Singapore, India, Korea, Japani na kwingineko. Mwaka 2002 Koichi Iwabuchi alionyesha kwamba bidhaa nyingi za Japani ziliuzwa ng'ambo baada ya kuondolewa kile alichokiita harufu ya nchi zilikotoka. Chua Beng Huat, katika kitabu chake cha mwaka 2012, aliielekeza hoja kwa mtazamaji: mtu anayetazama tamthilia ya nchi jirani huyaona mambo yanayofanana na maisha yake na mengine asiyoyatambua, na huenda na kurudi baina ya hayo mawili.

Mfano unaotajwa mara nyingi ni tamthilia ya Kikorea ya Winter Sonata, iliyotengenezwa mwaka 2002 na kuanza kuonyeshwa Japani mwaka 2003. Japani iliitawala Korea kuanzia mwaka 1910 hadi 1945. Hata hivyo, miaka sitini hivi baada ya utawala huo, wanawake wengi wa Japani walivutiwa na mapenzi yaliyosimuliwa na Wakorea, wakafunga safari kwenda kuona mahali tamthilia ilipopigwa picha. Watafiti hawakuishia kuuliza kama kazi hiyo ni fasihi bora. Waliuliza watazamaji walifanya nini nayo.

Nyuma ya tafiti hizo kuna wazo la Takeuchi Yoshimi wa Japani, alilolitoa katika mhadhara wa mwaka 1960 na ambalo Chen Kuan-Hsing wa Taiwan alilipanua katika kitabu chake cha mwaka 2010. Kwa ufupi, jamii za Asia zina haja ya kujitazama kwa kujilinganisha na jamii nyingine za Asia, badala ya kila moja kujipima kwa kipimo cha Ulaya na Marekani peke yake. Afrika Mashariki, ambayo maji ya Bahari ya Hindi yaliiunganisha na Asia kabla ya meli ya kwanza ya Mreno, ina sababu nzuri ya kuingia katika ulinganishi huo. Brian Larkin alikwisha kuonyesha mwaka 1997 kwamba Wahausa wa kaskazini mwa Nigeria waliona katika picha za Kihindi njia ya kuwa watu wa kisasa bila kuwa Wazungu. Waswahili walikuwa na uhusiano wa karibu zaidi na wa zamani zaidi.

Bombay na Japani katika Kiswahili

Uhusiano huo ulikuwa wa viwanda tangu mapema. Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake walisafiri kutoka Unguja hadi Bombay kurekodi nyimbo kwa ajili ya sahani za santuri. Kampuni iliyowaita ilikuwa ya Uingereza, lakini tawi, mitambo na mafundi vilikuwa India. Ndipo sauti ya mwimbaji wa Kiswahili, binti wa wazazi maskini kutoka shamba, ilipoanza kuuzwa madukani Afrika Mashariki. Mashairi yalikuwa ya Kiswahili, na habari zilizosimuliwa ndani yake zilikuwa za mitaa ya Unguja.

Aliyeona uzito wa jambo hilo mapema alikuwa Shaaban Robert. Wasifu wa Siti binti Saad husomwa shuleni kama kazi ya nathari na maadili. Unaweza kusomwa pia kama mojawapo ya tafiti za awali za utamaduni pendwa zilizoandikwa kwa Kiswahili: mwandishi mkubwa wa zama zake alimchukua mwimbaji aliyependwa na umma, akachunguza alivyopanda, alivyosafiri na alivyosikilizwa. Hakuona aibu kuiweka santuri kando ya shairi.

Kanga inasimulia habari inayolingana na hiyo. Vazi hili lilizaliwa pwani mwishoni mwa karne ya 19, na maandishi yakaongezwa mwanzoni mwa karne iliyofuata. Mwanahistoria Suzuki Hideaki amefuatilia namna kanga zilivyochapwa Japani kwa ajili ya soko la Afrika Mashariki. Wafanyabiashara wa pwani, wengi wao wenye asili ya India, waliagiza michoro na maneno. Mafundi wa Japani wakachapa misemo ambayo wao wenyewe hawakuweza kuisoma. Baada ya uhuru sehemu ya kazi hiyo ilihamia nchini, na kiwanda cha Urafiki cha Dar es Salaam, kilichofunguliwa mwaka 1968, kilijengwa kwa msaada wa China.

Katika mifano hii miwili mgawanyo wa kazi unafanana. Asia ilitoa mashine na ufundi. Kiswahili kilitoa neno. Wala neno halikuwa pambo. Kanga isiyo na jina huuzwa kwa shida, maana anayeinunua hununua usemi wa kumpelekea mpenzi, jirani au mke mwenza. Thamani ya bidhaa ilikaa katika kile kilichoongezwa na wenyeji.

Songea: mji uliozoea kupokea na kugeuza

Je, mgawanyo huo ulifika bara kusini? Ili kulijibu swali hili, hapana budi kuitazama kwanza historia ya Songea yenyewe. Mji huu una jina la Nduna Songea Mbano, mmoja wa viongozi wa Wangoni walionyongwa na Wajerumani mwaka 1906 katika Vita vya Majimaji. Wangoni waliingia eneo hili katika karne ya 19 baada ya safari ndefu kutoka kusini mwa Afrika. Walikuja na silaha, utawala na michezo yao ya vita, wakawashinda wengi wa wenyeji. Lakini katika lugha walioshinda ni wenyeji. Kingoni kinachozungumzwa Songea, ambacho sarufi yake iliandikwa na Deo Ngonyani mwaka 2003, kimechukua sehemu kubwa ya sura yake kutoka lugha za eneo hili, na masalia ya lugha ya Kinguni ya asili ni machache. Lugha ya Songea yenyewe, basi, ni zao la kupokea na kugeuza.

Hatua ya pili ilikuwa kazi ya mkataba. Philip Gulliver, katika utafiti wake wa mwaka 1955 kuhusu Wangoni na Wandendeule, alieleza namna wanaume wa Songea walivyosafiri mbali kutafuta kazi, hasa katika mashamba ya mkonge. Hawa ndio waliojulikana kama manamba. Waliorudi hawakurudi na fedha peke yake. Walikuwa wameishi katika makambi ambamo Kiswahili kilikuwa lugha ya kazi, ya ugomvi na ya starehe, na ambamo nyimbo na ngoma za makabila mengi zilikutana.

Ushahidi ulio wazi zaidi ni mganda. Terence Ranger alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1975 namna ngoma ya beni, iliyoanza katika miji ya pwani kwa kuigiza bendi za kijeshi za Wazungu, ilivyosambaa bara, hasa kupitia askari na wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza. Katika nchi zinazolizunguka Ziwa Nyasa, zikiwamo sehemu za Ruvuma, mtindo huo ulizaa mganda, na upande wa Malawi malipenga. Wachezaji hupanga safu kama askari, wenye vyeo na sare safi. Tarumbeta za shaba hazikuwapo, nazo zilikuwa ghali. Basi vibuyu vikatengenezwa, vikafunikwa utando mwembamba, na mchezaji akaimbia ndani yake hadi sauti ikatoka yenye mtetemo wa tarumbeta. Umbo la gwaride lilikuwa geni. Ala na maneno ya nyimbo vilikuwa vya hapa.

Mtu anayedai kwamba watu wa mikoani huiga tu kila kinachotoka nje angefaa kusikiliza kibuyu hicho. Picha za Asia zilipofika Songea, zilikuta watu wenye uzoefu wa zaidi ya karne moja wa kukipokea kitu kigeni na kukipa sauti nyingine.

Kutoka ukumbi wa sinema hadi kibanda umiza

Historia ya sinema katika miji ya Tanzania imeandikwa kwa kina na Laura Fair katika kitabu chake cha mwaka 2018. Fair anaonyesha kwamba wamiliki wengi wa majumba ya sinema walikuwa wafanyabiashara wenye asili ya Asia, na kwamba picha za Kihindi, kama Awara ya Raj Kapoor ya mwaka 1951, zilipendwa na watu wa kila rangi. Wengi wa watazamaji hawakujua Kihindi. Walifuata nyimbo, machozi na ishara, wakaelezana wao kwa wao, na nje ya ukumbi wakaendelea kubishana: je, kijana ana haki ya kumchagua mchumba wake, au neno la baba ndilo la mwisho? Swali lilitoka Bombay, lakini mabishano yalifanyika kwa Kiswahili.

Katika miaka ya 1970 zikaja picha za karate kutoka Hong Kong. May Joseph, mwanazuoni aliyekulia Dar es Salaam, aliandika katika miaka ya 1990 kuhusu namna vijana wa zama za Ujamaa walivyozielewa. Bruce Lee hakuwa na gari wala bunduki. Alikuwa na mwili wake, nidhamu yake na mikono mitupu. Kwa kijana aliyefundishwa kujitegemea katika nchi yenye uhaba wa bidhaa, shujaa wa namna hiyo alieleweka haraka.

Tanzania Bara haikuwa na televisheni hadi mwaka 1994, ingawa Zanzibar ilikuwa nayo tangu miaka ya 1970. Pengo hilo liliipa video nafasi kubwa. Katika miji ya mikoani, Songea ikiwa mojawapo, watu walikutana katika vibanda umiza: chumba chenye joto, mabenchi ya mbao, seti moja ya televisheni na deki. Kiingilio kilikuwa kidogo na msongamano mkubwa, na ndiyo maana ya jina lenyewe.

Humo ndimo alimostawi msimulizi wa video, ambaye watu humwita mtafsiri. Mashuhuri kuliko wote nchini alikuwa Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu, ambaye sauti yake ilirekodiwa juu ya kanda na kusambazwa. Nchini Kenya DJ Afro alijipatia umaarufu kwa kazi ya namna hiyo, na Uganda ina wasimulizi wake kwa Kiganda. Matthias Krings, aliyemtafiti Lufufu, aliifananisha kazi hii na kuugeuza wali kuwa pilau. Mchele ni uleule, lakini viungo vimeongezwa na mlo si uleule tena.

Kwa mwanaisimu, kazi ya msimulizi ina mengi ya kuchunguzwa. Hatafsiri sentensi kwa sentensi. Hueleza nia ya mhusika kabla haijaonekana, hutafsiri desturi za Wachina kwa desturi za hapa, humkemea adui, humtahadharisha stelingi, hutia methali na mzaha. Anatumia mbinu za mtambaji wa hadithi, lakini lazima aende na kasi ya picha isiyomsubiri. Kwa hadhira ya Songea, ambamo Kiswahili huishi pamoja na Kingoni, Kindendeule, Kimatengo na Kiyao, sauti hiyo ilikuwa mlango wa kuingilia katika picha. Ilikuwa pia darasa la Kiswahili cha mjini, lenye misimu iliyowahi kufika kwa kanda kuliko kwa kitabu.

Hapa tafiti za Asia zina faida ya moja kwa moja. Wakati wa filamu zisizo na sauti, Japani ilikuwa na wasimulizi walioitwa benshi, waliosimama kando ya pazia wakiigiza sauti za wahusika wote. Korea nayo ilikuwa na wasimulizi wake. Benshi walikuwa nyota. Wapo watu waliokata tiketi kwa ajili ya msimulizi zaidi kuliko kwa ajili ya picha. Filamu zenye sauti zilipoenea katika miaka ya 1930, kazi hiyo ilikufa. Kaka wa mwongozaji mashuhuri Akira Kurosawa, Heigo, alikuwa benshi aliyeipoteza riziki hiyo. Alijiua mwaka 1933. Hata hivyo, baadhi ya benshi walirekodiwa kwenye santuri, na kwa sababu hiyo wanazuoni wa leo wanaweza kuusikia ufundi wao na kuuandikia.

Neno linapotoka studio

Mwaka 2011 televisheni ya taifa, TBC, ilionyesha tamthilia ya Kichina kuhusu Mao Doudou na mama wakwe zake, wahusika wakisema Kiswahili. Machi 2013 Rais Xi Jinping wa China, akihutubia Dar es Salaam, aliitaja tamthilia hiyo kama mfano wa mahusiano ya watu wa nchi mbili. Redio ya China ilikuwa ikitangaza kwa Kiswahili tangu mwaka 1961, kwa hiyo msingi wa lugha ulikuwapo. Mwaka 2016 kampuni ya StarTimes iliendesha nchini Tanzania shindano la kutafuta sauti za kuigiza tamthilia, na washindi wakapelekwa kufanya kazi Beijing. Azam TV, iliyoanza mwaka 2013, nayo ilionyesha tamthilia za Kituruki zilizotiwa sauti za Kiswahili.

Mabadiliko haya yana faida ambazo si haki kuzidharau. Waigizaji wa sauti wanalipwa kwa kazi iliyo halali. Kiswahili chao ni sanifu, na kinawafikia wasikilizaji wa nchi kadhaa. Mwenye haki ya filamu analindwa, ilhali msimulizi wa kibanda umiza alifanya kazi juu ya mali ya mtu mwingine, kinyume cha Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999.

Pamoja na hayo, mgawanyo wa kazi umebadilika. Siti alikwenda Bombay na mashairi yake. Mwenye duka la kanga alituma maneno Japani. Msimulizi aliitia picha ya Hong Kong maana aliyoona inawafaa watu waliokaa mbele yake. Mwigizaji wa sauti aliye Beijing husoma maneno yaliyokwisha kuandikwa, na urefu wa kila sentensi huamuliwa na midomo ya mwigizaji wa Kichina. Sauti ni ya Mswahili. Uamuzi wa kinachosemwa uko kwingine. Kiswahili kimepata soko, lakini si lazima kiwe kimepata uhuru.

Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba utamaduni pendwa wa Asia uliingia katika Kiswahili kwa njia ya santuri, nguo, filamu na tamthilia, na kwamba sehemu kubwa ya historia hiyo wasemaji wa Kiswahili walishika usukani wa neno. Songea inaonyesha kuwa uwezo huo haukuwa wa watu wa pwani pekee. Ulikuwa na mizizi katika historia ya lugha ya Kingoni, katika makambi ya manamba na katika vibuyu vya mganda.

Mambo matatu yanawahusu wanafunzi na walimu wa Kiswahili. Kwanza, kanda za VHS zilizobeba sauti za wasimulizi zinaoza, na waliokaa katika mabenchi ya vibanda umiza wanazidi kuzeeka. Mwanafunzi anayetoka Songea, Mbinga, Namtumbo au Tunduru anaweza kuanza kwa kukusanya kanda na kumbukumbu hizo likizoni. Hakuna mtafiti kutoka nje atakayezifikia kwa urahisi kama yeye. Pili, lugha ya wasimulizi ichunguzwe kama ufundi kabla ya kuhukumiwa kama Kiswahili kibovu. Shaaban Robert aliisikiliza santuri kwa makini. Haieleweki kwa nini deki inyimwe haki hiyo. Tatu, ulinganishi na Asia ufanywe ana kwa ana. Anayetaka kumwelewa Lufufu atajifunza mengi kutoka kwa wanaomchunguza benshi, nao watajifunza kwake.

Wajapani wanaweza kuwasikia benshi kwa sababu kulikuwa na mtu aliyeweka santuri. Wasimulizi waliosikika Songea bado wanasubiri mtu wa namna hiyo, na muda uliobaki ni mfupi.